Ufuko wa Niboye

Msimulizi wa habari hii alikuwa amesimama karibu kabisa na Silvère wakati rupia za Mjerumani zilipotolewa mchangani, naye hakunusa kitu. Aliomba apewe moja, akaigeuza, akausoma mwaka uliochongwa upande wa pili wa mfalme mwenye masharubu, akatikisa kichwa kama wafanyavyo watu waliosoma, kisha akaipitisha kwa aliyefuata. Pua yake ilikuwa pale pale ilipo hadi leo, katikati ya uso, lakini elimu ilikuwa imeiziba. Kwamba sarafu ile ilinuka ndizi mbivu, alikuja kuambiwa baadaye, pamoja na umati wote. Msomaji anaombwa basi awe na pua kali kuliko ya anayemsimulia.

Mambo yalianzia Gisimenti, mtaa wa Kigali, katika kiangazi cha mwaka 1992, kwenye baa moja yenye viti vya plastiki na nyama nzuri ya mbuzi. Silvère alikuwa ndiyo kwanza afike kutoka Bujumbura. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hata mahali pasipoonekana, na miwani ambayo vioo vyake havikuwa na kazi nyingine ila kumwonyesha kama mtu aliyechoshwa na vitabu. Chini ya meza, ndani ya mkeka uliofungwa kwa kamba, ilikuwemo mali yake yote duniani: mashine ya kutambua metali, yenye mpini mrefu, sahani ya duara mwishoni, na kisanduku cha betri kilichoshikizwa kwa utepe mweusi. Kwenye vizuizi vya barabarani askari walipomwuliza kitu gani hicho, aliwajibu kwa upole kwamba ni kipimo cha mimba za ng'ombe. Katika nchi ambamo ng'ombe huheshimiwa kuliko wageni wengi, jibu hilo lilitosha. Kwenye kizuizi cha mwisho askari mmoja alimwomba anwani, kwa ajili ya ng'ombe wa baba yake.

Meza ya jirani aliketi Bayingana, muuza saruji na mabati wa Remera, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuuzia.

"Mimi, Bayingana, hajazaliwa wa kunidanganya," alikuwa akiwaambia wenzake.

Kwa tapeli, sentensi hiyo ni sawa na kengele ya kanisa kwa mcha Mungu. Silvère aliacha kutafuna.

"Babu yangu aliwabebea mizigo Wajerumani," Bayingana aliendelea, akielekeza kijiti cha mshikaki upande wa Niboye. "Walipofukuzwa na Wabelgiji, walilala kwenye mteremko ule ule ninapojenga sasa. Jioni waliweka chini masanduku manane. Asubuhi wakabeba saba."

"Na la nane?" mmoja wa wenzake aliuliza.

"Ndilo ukoo wetu unaloliuliza mpaka leo, sha."

Tapeli mchanga angegeuka hapo na kuanza kuzungumza. Silvère hakugeuka. Aliinama tu, akapenyeza kidole ndani ya mkeka, akabonyeza swichi, na kwa mguu wake akausogeza mkeka kuelekea mfuko wa suruali wa Bayingana, ambamo mlikuwa na funguo za pikapu. Mkeka ukalia kama kifaranga.

"Nini hicho?" Bayingana aliuliza.

"Si kitu, mzee. Usikijali."

"Kimelia!"

"Kimesikia chuma mfukoni mwako. Nisamehe. Kina tabia mbaya: hakiwezi kunyamaza mbele ya mali." Akaizima mashine, akawa kama anataka kulipa na kuondoka.

Kabla nyama haijapoa, Bayingana alikuwa amehamia kwenye meza yake.

Inafaa kueleza mashine ilikotoka. Mzungu mmoja mpenda ziwa aliiacha Bujumbura alipohama, na kwa miaka kadhaa Silvère aliitembeza juu ya mchanga wa Tanganyika, mahali ambapo wenye pesa huoga na kupoteza vitu. Ufuko ni mwalimu mkali. Kwa kila pete moja humpa mtafutaji ndoo nzima ya vizibo vya bia, na mwenye kiburi hurudi nyumbani na sarafu iliyoliwa na kutu na mgongo unaouma. Lakini Silvère aligundua huko jambo ambalo wengine wamepewa shahada kwa jambo dogo zaidi: kila alipoinama kuchimba, watu waliacha kuogelea wakaja kusimama. Binadamu hawezi kupita kando ya shimo linalochimbwa. Akaanza kuja na pete zake mwenyewe za shaba, akizizika kabla ya waogeleaji kufika, akizifukua mbele ya mashahidi, akiziuza kabla mchanga haujakauka mkononi. Aliishi vizuri, hadi siku alipomwuzia mama mmoja pete ya malkia asiyejulikana, na mama huyo akatokea kuwa mke wa sonara. Hapo ndipo alipotambua kwamba hewa ya Kigali ingeifaa zaidi afya yake.

Kigali, kwa bahati mbaya, ina vilima vingi na haina ufuko. Lakini ina watu, na watu wana mababu, na mababu waliacha hadithi.

Mpango wake ulikuwa safi kama shati lake. Asingemwuzia Bayingana hazina, kwa sababu hazina huhesabiwa. Angemwuzia matumaini, yaani mashine yenyewe, ambayo betri zake zilikuwa zinakata roho, naye angechukua pikapu na kuelekea kusini. Kilichohitajika ni jaribio moja tu la kufaulu, mbele ya macho ya mnunuzi.

"Sipendi kuiuza," alisema kesho yake, wakiwa ndani ya pikapu hiyo hiyo kuelekea Niboye. "Lakini mgongo wangu unakataa."

"Ikipata kitu mbele yangu," alisema Bayingana, "mgongo wako utarudi Bujumbura ukiwa umeketi kwenye usukani huu."

Niboye wakati ule ilikuwa nusu mji na nusu shamba. Nyumba mpya za matofali zilitazamana na migomba ya zamani, na kati ya kiwanja cha Bayingana na shamba dogo la migomba lililo kando yake palikuwa na rundo kubwa la mchanga wa Nyabarongo, mweupe, laini, ulioloweshwa na umande. Silvère alipouona alipata kitu kama kiu ya nyumbani.

"Huo mchanga ni wangu," alisema Bayingana. "Na ule uzi unaouona umevutwa kati ya migomba, hapo ndipo ukuta wangu utapita. Jumatatu ya wiki ya pili mafundi wanaanza. Mama mmoja mjane ananisumbua eti nimemmega hatua nne. Wanawake na ardhi, unajua tena."

Silvère hakujua, lakini alitikisa kichwa. Yeye aliona kitu kimoja tu: ndani ya zile hatua nne, nyuma ya mashina mazuri ya migomba, palikuwa na mahali ambapo udongo ulikuwa laini, mweusi, uliofunikwa kwa majani makavu. Udongo unaochimbika bila jembe. Nani mwingine angeuacha tupu udongo wa namna hiyo? Tena ulikuwa kwenye ardhi ya mgogoro, na hilo lilimfurahisha. Hazina iliyo kwako husubiri. Hazina inayogombaniwa na jirani huchimbwa haraka.

Siku ile ile alishuka Biryogo kwa Swafiya, ambaye aliuza vitu vya kale na kushona vifuko vya ngozi ya mbuzi. Wazee wa mji walimletea rupia za Mjerumani ambazo bibi zao walizivaa shingoni, naye aliziuza kwa yeyote mwenye moyo wa kumbukumbu. Silvère alinunua chache, pamoja na kifuko cha kuzitia. Jumapili, Niboye yote ikiwa kanisani, alipita kwenye shamba la mjane, akafunua majani, akaingiza mkono hadi kiwiko, akaweka, akafunika, akafuta vumbi kwenye suruali. Hakuna aliyemwona.

Sasa tumwelezee mjane. Jina lake lilikuwa Athanasie, naye alipika urwagwa, pombe ya ndizi, ambayo watu waliifuata kutoka Kicukiro hadi Remera. Anayejua pombe hiyo anajua kwamba haianzii mtungini, huanzia shimoni. Ndizi mbichi huzikwa katika shimo lililochomwa majani ndani yake hadi udongo ukapata joto, hufunikwa kwa majani na udongo, na baada ya siku chache hutoka zikiwa za manjano na zinanukia mtaa mzima. Shimo zuri hupata tabia yake kwa miaka, kama chungu. Shimo la Athanasie lilichimbwa na marehemu mume wake mwaka waliooana, nalo ndilo lililokuwa ule udongo laini, mweusi, uliofunikwa kwa majani. Silvère, aliyezaliwa mjini na kuzijua ndizi zikiwa zimeshafika sahanini, alikuwa amezika hazina ya kale ndani ya jiko la mtu.

Na jiko hilo lilikuwa hatarini. Mvua za masika zilipokwisha, ua wa miyenzi uliotenganisha viwanja viwili ulitoweka. Bayingana alieleza kwamba uliliwa na mbuzi wake, ingawa miyenzi ina utomvu ambao hata mbuzi mwendawazimu hawezi kuulamba. Kisha lori likamwaga mchanga juu ya pembe ya kiwanja, pale pale ambapo wapimaji waliwahi kupigilia bone, yaani kigingi cha chuma kinachoonyesha mpaka. Kisha uzi ukavutwa hatua nne ndani, shimo likiwa upande wa Bayingana. Athanasie alikwenda kwa konseye wa segiteri, yaani diwani wa kata, Kagabo, mtu mwembamba mwenye baiskeli na tahadhari nyingi.

"Nionyeshe bone, mama," alisema Kagabo. "Bila bone nina maneno mawili na masikio mawili, basi."

"Iko chini ya mchanga wake."

"Mchanga ni mali yake. Siwezi kuhamisha mali ya mtu kwa ajili ya maneno."

"Na ukuta ukishapita juu ya shimo langu?"

Konseye aliutazama usukani wa baiskeli yake. "Ukuta ukishasimama, mama, hata mimi nitauzunguka."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Athanasie alipofungua shimo lake Jumanne ili alitie moto, akakuta ndani kifuko cha ngozi ambacho hakikuwemo alipolifunga. Alikifungua. Akazitazama rupia, zilizosuguliwa kwa majivu zikang'aa. Akautazama mshono wa kifuko, wa uzi mwekundu, kisha akashika kifuko chake mwenyewe kilichoning'inia shingoni, chenye rozari ndani, mshono ule ule, wa mkono ule ule, kwa kuwa Swafiya alikuwa mteja wake wa ndizi mbivu. Hakupiga kelele. Alilitia shimo moto, akapanga ndizi, akakilaza kifuko katikati yake kama mtoto, akafunika.

Alhamisi Silvère alikuja kupima hali ya hewa. Alivua kofia, akaomba urwagwa. Athanasie alijaza kibuyu, akanywa yeye kwanza, kisha akampa.

"Mama, mbona unanywa pombe yangu?"

"Kwani wewe umelelewa na nani, mwanangu? Anayemimina husogongera, huonja kwanza, mgeni ajue hakuna kilichotiwa ndani. Asipoonja, hakuna anayekunywa."

"Kwetu Bujumbura tunafungua chupa tu."

"Bujumbura nao wanaonja, nina shemeji huko. Ni wewe uliyelelewa na chupa." Akaketi. "Wanasema una mashine inayosikia chuma."

"Inasikia, mama. Hata msumari."

"Uliofunikwa?"

"Hata uliofunikwa na babu wa babu yako."

"Na chuma kinene, kirefu hivi, kilicho chini ya mchanga mwingi?"

"Hicho haitakisikia tu, itakililia." Silvère alikunywa kwa raha. Aliwapenda wajane wenye maswali. "Mchangani ndiko ilikolelewa. Utaiona Jumamosi."

"Sitakosa," alisema Athanasie.

Ijumaa alifukua ndizi zake. Kifuko kilitoka nazo, kimejaa jasho la shimo, naye akakipeleka hadi kwenye rundo la mchanga, akakisukuma ndani kwa kiasi cha mkono mmoja. Alijua vizuri lori lilipomwaga. Alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo akilia.

Jumamosi alasiri watu walikuwa wengi. Kagabo alikuja kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuchokoa ardhi ya mgogoro bila yeye, na Bayingana mwenyewe ndiye aliyemwita. Mafundi wa Bayingana walikuja na makoleo yao. Swafiya alikuja kuchukua ndizi mbivu. Msimulizi alikuja kwa ajili ya urwagwa, na haoni haya kusema hivyo. Bayingana alisimama mbele akizungusha funguo za pikapu kidoleni.

Silvère alifungua mkeka taratibu, kama padre anayefunua kikombe.

"Ndugu zangu," alisema, "ardhi haisahau. Sisi ndio tunaosahau. Mashine hii ni kumbukumbu ya kukodi."

Watu walipenda. Alizunguka kidogo kwa heshima, akasitasita penye mgomba, akatikisa kichwa, kisha, kama anayevutwa na mkono usioonekana, akaifikisha sahani juu ya udongo laini.

Mashine haikusema kitu.

Akaisogeza kushoto. Kimya. Kulia. Kimya. Akapiga kisanduku cha betri kofi dogo, la kirafiki. Jasho likaanza kutafuta njia kwenye shati lililopigwa pasi.

"Mbona imekuwa bubu?" aliuliza Bayingana, na funguo zikaacha kuzunguka.

"Inasalimiana na udongo, mzee."

"Salamu gani ndefu hizo? Inaoa?"

Umati ukacheka. Athanasie akakohoa kidogo, kama anayeomba radhi kwa kuwapo.

"Labda migomba inaisumbua, mwanangu. Si uliniambia ililelewa mchangani? Ipeleke mchangani kwake."

Silvère angekwenda popote mradi si pale. Alikwenda kwenye rundo, akapitisha sahani kwa mkono uliokata tamaa. Karibu na ukingo ikalia kidogo, mlio mwembamba, nao uliwatosha watu kunyoosha shingo. Akasogea hatua moja ndani zaidi. Hapo mashine ikanguruma.

Haukuwa mlio wa pete wala wa sarafu. Silvère alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, Bujumbura, juu ya nanga ya meli iliyozikwa na mchanga. Ulitoka chini, mzito, mrefu, nao haukukoma aliposimama. Naye hakuwa amezika chochote mahali hapo. Hilo ndilo lililomvunja. Kwa miaka yote alikuwa akizika imani kwa ajili ya wengine, kidogo kidogo, na sasa akiba yote ikamrudia kwa mkupuo. Aliliona sanduku la nane. Aliona bawaba zake.

"Imepata!" alipiga kelele Bayingana. Alikuwa amesahau dunia. Akanyoosha mkono wenye funguo hadi puani mwa Silvère. "Shika! Pikapu yako! Nipe mashine!"

Wanazuoni wa ulaghai, kama wapo, watabishana milele juu ya dakika hiyo. Kazi ilikuwa imekwisha. Funguo zilikuwa hewani, tangi lilikuwa limejaa, barabara ya kusini ilikuwa kavu. Silvère akaikumbatia mashine kifuani.

"Haiuzwi."

"Nini?"

"Haiuzwi, mzee. Ni urithi."

"Urithi! Si uliniambia mgongo unakataa!"

"Umekubali. Leo asubuhi."

Bayingana alifungua mdomo ajibu, lakini macho yake yakashuka mahali sahani ilipokuwa imening'inia, akakumbuka ni kitu gani yeye mwenyewe alichokifunika hapo. Akazirudisha funguo mfukoni.

"Basi... basi tuache. Ni misumari ya mafundi wangu hiyo."

"Kweli kabisa," alisema Silvère upesi. "Misumari. Mlio wa misumari huo."

"Takataka tu."

"Takataka. Tuonane siku nyingine."

"Siku nyingine. Mimi nitapitia peke yangu, nisiwasumbue watu."

"Wala wewe usisumbuke, mzee, nitapitia mimi."

Athanasie alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa. "Konseye," alisema, "hawa wawili sasa hivi walikuwa wanararuana mashati. Mbona wamepatana haraka hivyo? Hata harusi zina mabishano zaidi."

Kagabo aliegemeza baiskeli yake kwenye mgomba, jambo alilolifanya mara chache. "Bwana Silvère. Ni misumari au si misumari?"

Silvère alitazama umati, makoleo, na jua lililokuwa bado juu. Hazina iliyokwisha kunguruma mbele ya Niboye yote isingemsubiri mpaka arudi peke yake. Akainua kichwa.

"Ni hazina. Hazina ya Mjerumani. Na aliyeisikia ana haki ya nusu."

"Nusu ya mchanga wangu?" Bayingana alibweka.

"Apewe nusu," alisema Athanasie kwa upole. "Lakini yeye ndiye anayetumiminia. Asogongere kwanza. Aweke mashine yake mbele ya konseye. Kama chini ya mchanga kuna alichozika Mjerumani, achukue nusu na mashine yake. Kama sicho, mashine ibaki hapa."

Umati ukanguruma kwa kukubali. Katika jambo hilo hakuna Mnyarwanda aliyehitaji kuelezwa: mtu akikataa kuonja alichokimimina, mkutano umekwisha.

"Naonja!" alisema Silvère, na kwa mara ya kwanza tangu afike Kigali alisema kweli tupu ya moyo wake. "Naonja mbele ya watu wote!" Akaiweka mashine miguuni pa Kagabo.

"Mchanga wangu hautaguswa," alisema Bayingana.

"Uliniita nije nishuhudie, mzee," alisema konseye. "Nashuhudia. Chini yake una kitu unachokiogopa?"

Mafundi wa Bayingana mwenyewe, waliokuwa wamengoja neno lolote, waliingia na makoleo kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha kwenye msingi wa nyumba.

Kifuko kilitoka karibu mara moja. Rupia zikamwagika kwenye kiganja cha Kagabo, zikapita mkono kwa mkono, zikafika kwa msimulizi, na mambo ya pua yake yamekwisha kusemwa. Watu walipiga vigelegele. Silvère peke yake hakushangilia. Alikuwa ameuona uzi mwekundu.

"Ee!" Swafiya alisukuma watu. "Huo si mshono wangu? Wewe mwenye miwani, si nilikuuzia wewe wiki iliyopita? Tena ulinililia bei!"

Kagabo alikileta kifuko karibu na uso, akanusa, akanusa tena. "Mama Athanasie. Mjerumani alikuwa anapika urwagwa?"

"Nilikikuta kwenye shimo langu la ndizi," alisema Athanasie. "Shimo lile nimelifungua na kulifunga tangu niolewe. Kama Mjerumani aliacha kitu humo, basi alikiacha Jumapili, nikiwa kanisani."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabara kuu. Kagabo alingoja kipungue.

"Bwana Silvère, zungumza. Rupia hizi ni zako, au ni za Mjerumani?"

Lilikuwa swali lililonyooka, na kila upande lilikuwa na ukuta. Akisema ni zake, amejitangaza tapeli. Akisema ni za Mjerumani, Swafiya yuko pale, mikono kiunoni. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndipo koleo la fundi lilipogonga chuma, ngo!, chini kabisa, na kwa pumzi moja uso wa Silvère ukawaka upya. Akaruka ndani ya shimo akafukua kwa mikono miwili, mchanga ukiruka hadi kwenye shati, akinong'ona maneno ambayo huenda yalikuwa sala.

Alichokifikia ni kigingi cha chuma, kinene, kirefu hivi, kimesimama wima ndani ya kola ya saruji, na namba ya wapimaji juu yake.

Kagabo alishuka, akaweka kidole kwenye namba. Akainuka, akatazama kutoka kigingi hiki hadi kile kingine kilichokuwa chini kando ya barabara, ambacho hakuna mchanga uliokifikia. Kisha akautazama uzi wa Bayingana, hatua nne ndani ya migomba.

"Na hiki, mzee," aliuliza, "mbuzi wako walishindwa kukila?"

Bayingana aliketi juu ya mchanga wake uliobaki, miguu mbele, kama mtu aliyepelekwa ufukoni bila kuulizwa. Konseye mwenyewe ndiye aliyeukata uzi.

Watu walipotawanyika kuelekea kwenye mitungi, Silvère alibaki akikung'uta suruali. Athanasie akamjazia kibuyu, akaonja, akampa.

"Kumbe ulikuwa unajua tangu Alhamisi," alisema Silvère.

"Nilikuwa na shida ya chuma kimoja tu, mwanangu. Na mchanga ule nisingeugusa mimi."

Alikunywa mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na zile rupia?"

"Za nani?" aliuliza Kagabo kutoka kwenye mtungi.

Silvère alitafakari, akakunja mkeka mtupu, akauweka kwapani. "Za Mjerumani," alisema kwa heshima, akashuka kwa miguu kuelekea barabara kuu.

Rupia zilirudi kwa Swafiya kwa kubadilishana na kifuko kipya. Mashine ilibaki kwa Athanasie, ikining'inia juu ya mitungi, na konseye akawa anaiazima. Hadi mvua zilipoanza, alikuwa amefukua bone kadhaa zilizopotea Niboye, nyingi zikiwa chini ya marundo ya mchanga. Nyumba ya Bayingana ilimalizika mwaka ule ule. Ilitoka nyembamba kuliko ilivyochorwa, na kando yake miyenzi ilipandwa upya, ikashika.